Uzi: Redio ya babu, ndizi za Kisii na mashine inayojibu. Bahati hutoka wapi hasa?

FundiKondele (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Leo naandika kirefu, mnivumilie.

Nina kibanda cha kutengeneza redio na simu hapa Kondele. Wiki tatu zilizopita mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akiulizana maswali na mojawapo ya hizi mashine zinazojibu kwa simu. Akaiandikia: nichagulie namba kati ya 1 na 10. Ikajibu 7. Akafuta mazungumzo, akaanza upya, akauliza vile vile. 7. Akaanza tena. 7. Tuliendelea hadi chai ikapoa, na namba ilikuwa ile ile isipokuwa mara mbili tatu. Halafu akaiomba imtungie sentensi moja kuhusu ziwa. Ikatunga. Akarudia ombi neno kwa neno, ikaja sentensi nyingine kabisa. Ya tatu nayo ikawa tofauti. Akaniangalia: "Mjomba, kwa namba inang'ang'ania moja, kwa sentensi kila mara mpya. Hii kitu ina bahati ndani yake au haina?"

Mbele yangu palikuwa na redio ya babu yake, ile kubwa ya mbao, ndiyo kwanza nimeitia kapasita mpya. Nikazungusha kitufe hadi mahali pasipo na stesheni, ikaanza ile shwaaa. Nikamwambia, "Bahati iko humu." Tangu siku hiyo sijatulia, maana nataka kujua kama nilimwambia kweli.

Nimesoma usiku kadhaa, na nilivyoelewa ni hivi. Mashine hizi huandika kipande kimoja cha neno baada ya kingine. Kabla ya kila kipande, huvipa alama vipande vyote inavyovijua, maelfu kwa maelfu, kulingana na yaliyokwisha kuandikwa. Alama zinageuzwa kuwa uwezekano, kisha dadu inatupwa. Kipande chenye alama kubwa kina nafasi kubwa, lakini hata chenye alama ndogo kinaweza kuangukiwa. Kuna kirekebishi wanachokiita halijoto. Kikiwekwa sifuri, dadu haitupwi, kinachukuliwa tu kipande kilichoongoza. Kikipandishwa, vya nyuma navyo vinapata mwanya.

Jina halijoto halikuwekwa kwa mapambo. Fomula yenyewe ni ya Ludwig Boltzmann, aliyehesabu jinsi chembe za gesi zinavyogawana nishati. Fikirieni sufuria ya bisi: moto ukiwa mdogo punje zote zimetulia chini; ukikoleza, zinaanza kuruka, na mojamoja inafika hata ukingoni. Boltzmann alikufa mwaka 1906, na kaburi lake kule Vienna limechongwa fomula yake nyingine mashuhuri. Mwaka 1985 Geoffrey Hinton na wenzake waliunda mtandao unaojifunza kwa hesabu hiyo wakauita mashine ya Boltzmann, na mwaka 2024 Hinton na John Hopfield wakapewa Tuzo ya Nobel, tena ya fizikia. Nilikuwa nimeshangaa kwa nini fizikia. Nilipofika kwenye neno halijoto nikaacha kushangaa.

Kwa hiyo jibu la ile 7 nadhani ninalo. Watu wakiulizwa namba kati ya 1 na 10, wengi husema 7. Mashine imelishwa maandishi ya watu, kwa hiyo 7 imebeba alama kubwa mno, na dadu hata ikitupwa inaangukia pale pale. Sentensi kuhusu ziwa ina njia mia.

Lakini dadu anaitupa nani? Ndani ya kompyuta hamna dadu. Kuna hesabu. Chukueni karatasi mjaribu: anza na 1, zidisha kwa 7, gawanya kwa 11, andika baki tu. Kisha baki hilo lizidishe tena kwa 7, na kadhalika. Utapata 7, 5, 2, 3, 10, 4, 6, 9, 8, 1, halafu inarudi mwanzo. Ukimwonyesha mtu orodha hiyo bila kumwambia ilivyopatikana, ataapa kwamba imechanganywa. Mwanahisabati D. H. Lehmer alipendekeza njia ya namna hii yapata miaka 75 iliyopita. Siku hizi hesabu ni ngumu zaidi. Ile ya Matsumoto na Nishimura ya mwaka 1997 hairudi mwanzo mpaka ipite hatua ambazo idadi yake ina tarakimu 6,002. Lakini ni hesabu vile vile. Namba ya kuanzia wanaiita mbegu. Mbegu ile ile, hesabu ile ile, sentensi ile ile kuhusu ziwa, herufi kwa herufi.

Sasa swali langu kwenu. Je, kuna bahati ya kweli mahali popote, au kila kitu kina mbegu yake ambayo hatujaiona? Na kama ipo, tukiichukua tukaipa mashine badala ya mbegu, mashine itakuwa kitu kingine?

MkulimaKitale

Fundi, umetaja mbegu nikasimama. Huku Trans Nzoia pakiti ni moja, shimo kina kimoja, mbolea kizibo kimoja, na bado mmea huu unabeba mahindi mawili na jirani yake moja. Nikiuliza naambiwa ni bahati. Sikubali. Chini ya huu kuna jiwe, chini ya ule ng'ombe alilala mwaka juzi. Bahati ni jina la jiwe ambalo hatujalichimba.

MwalimuMaseno

Mkulima amesema alichokisema Mfaransa Laplace mwaka 1814: akili inayojua mahali pa kila chembe na mwendo wake ingeiona kesho kama inavyoiona jana. Nafundisha hisabati, na mada hii naipenda kuliko zote, kwa hiyo nami nitakaa kidogo.

Kila mwaka darasani kwangu nafanya jambo moja. Nusu ya wanafunzi hutupa shilingi mara 100 na kuandika T ikitoka twiga, N ikitoka ngao. Nusu nyingine hawatupi. Wanabuni kutoka kichwani orodha ya T na N 100 wanayoona inafanana na ya kweli. Mimi natoka nje. Nikirudi nazipitia karatasi moja baada ya nyingine nikisema hii ya sarafu, hii ya kubuni, na mara nyingi napatia. Siri ni hii: anayebuni anaogopa kurudia. Akishaandika TTT mkono unamsukuma aandike N. Sarafu haiogopi. Ukiitupa mara 100, karibu mara 8 kati ya 10 utapata mahali ilipotoa upande mmoja mara 6 mfululizo au zaidi. Mwaka jana kuna msichana alikuja na T 9 zilizofuatana. Wenzake walimcheka wakidhani amebuni, naye alikaribia kulia. Karatasi yake ilikuwa ya sarafu, nami nilijua kabla hajasema neno.

Fundi, mwambie mpwa wako aiombe ile mashine iandike matokeo ya sarafu 100, kisha ahesabu mfululizo mrefu zaidi. Nataka sana kujua iko upande gani wa darasa langu.

Hata sarafu yenyewe si safi kama tunavyodhani. Mwanahisabati Persi Diaconis na wenzake walikadiria kwa hesabu za mwendo kwamba sarafu iliyorushwa kwa kidole na kudakwa huelekea kuangukia upande uliokuwa juu ilipoanza. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilitoa matokeo ya kuirusha mara 350,757, na upande wa kuanzia ulirudi kwa asilimia 50.8. Jiwe la Mkulima, dogo sana, lakini limechimbuliwa.

MkulimaKitale

Asante Mwalimu. Mvua ikikatika leo jioni nawatupia watoto shilingi.

MwalimuMaseno

Kuna lako jingine, Mkulima. Ukipita na gari kando ya shamba la mahindi, mimea unaiona imetapakaa ovyo, sivyo? Halafu inafika sekunde moja tu, jicho limekaa sawa na mistari, na shamba zima linafunguka kama chanuo. Miaka ya 1960 kulikuwa na hesabu ya kutoa namba za bahati iliyoitwa RANDU, iliyotumika sana kwenye kompyuta za IBM. Ilizidisha kwa 65,539. Watu waliitegemea katika utafiti wao. Kisha ikaonekana kwamba ukizichukua namba zake tatu tatu ukazifanya nukta ndani ya mchemraba, zote zinaangukia kwenye tabaka 15 tu. Ukitazama kutoka pembe nyingine ni vumbi. Ukisimama penye pembe yake, ni shamba la mahindi.

MchezaBao (Bondo)

Nyie wote mnasema kama kutojua lazima kutokane na kitu kilichofichwa. Nyumbani tuna mchezo wa mashimo na kete uitwao ajua, na nilipokuwa nikifanya kazi Mombasa wazee wa huko walinifundisha bao: mashimo 32, kete 64. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofunikwa, kila kete iko wazi mbele ya macho yenu wawili. Lakini ukianza kusambaza, mkono ukaishia penye kete, ukazizoa ukaendelea, mizunguko michache tu na hata bingwa hakuambii utalala wapi. Hakuna jiwe hapo. Yote yanaonekana na bado hayajulikani mpaka uyacheze.

Na upande wa mashine, mimi nilikesha mwezi Machi 2016 nikifuatilia programu ya kompyuta, AlphaGo, ikicheza Go, mchezo wa ubao wa Asia, na bingwa Lee Sedol kule Seoul. Mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo watangazaji walidhani imekosea. Yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba binadamu angecheza hapo mara 1 kati ya 10,000. Ile haikuwa kubahatisha. Iliona mbali. Kwa hiyo Fundi, usipime mashine kwa kushtuka kwako. Kinachokushtua kinaweza kuwa kimehesabiwa barabara.

MvuviDunga (Kisumu)

Mimi nasema ya ziwani. Mchana upepo unatoka majini unakuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda majini kutoka kila upande, na unapokutana katikati ya ziwa ndipo radi zinapozaliwa. Hilo kila mvuvi analijua. Lakini radi ipi itapiga wapi, na saa ngapi, hakuna mzee wala simu iliyowahi kuniambia. Shemeji yangu aliponea chupuchupu. Sasa Mwalimu, hiyo ni bao au ni jiwe?

MwalimuMaseno

Ni bao, ndugu yangu, na bao lenye mashimo yasiyohesabika. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikuwa akiendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta. Akataka kurudia sehemu ya katikati, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Muda si muda hewa ya mara ya pili haikufanana hata kidogo na ya kwanza. Tofauti ile ndogo kuliko punje ilikua ikameza kila kitu. Pole kwa ya shemeji.

BintiMenengai (Nakuru)

Nimesoma kimyakimya tangu jana, sasa naingia. Nasoma fizikia, na naona mmezungumzia bahati ya aina moja tu: ile ya kutojua, au ya kushindwa kuhesabu. Kuna nyingine.

Chukueni ndizi moja ya Kisii. Ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ile ya namba 40, ambayo viini vyake, yaani vitovu vya atomu zake, vinaoza: vinabadilika ghafla na kutoa mionzi. Ndani ya ndizi moja viini kama 15 vinaoza kila sekunde. Kiini kimoja ukikitazama peke yake, kinaweza kungoja miaka bilioni. Nusu ya vyote huoza kwa miaka bilioni 1.25. Swali ni hili: kati ya kile kilichooza sasa hivi na jirani yake atakayekaa mpaka jua lizimike, kulikuwa na tofauti gani sekunde moja kabla? Nadharia ya kwantamu, ile ya vitu vidogo kama atomu na viini vyake, inajibu: hakuna. Hakichakai, hakizeeki. Mkulima, hapo ukichimba hulikuti jiwe.

Na msidhani ni jambo la maabara tu. Mimi nimekulia chini ya Menengai. Mvuke unaofuka pale, na ule wa Olkaria unaotupa stima, unatokana na joto la ndani ya dunia, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye viini vya urani, thori na potasiamu vinavyooza huko chini. Kila kimoja kinaoza bila ratiba. Vyote kwa pamoja havijakosea ratiba tangu dunia iumbike. Kila nikipita barabara ya Kabarak jioni nikiuangalia ule mlima, hilo linanishika.

MamaNdizi (Kisii)

Binti yangu, mimi nauza ndizi soko la Daraja Mbili. Nakuomba ufafanue, maana watu wanasoma nusu nusu halafu wanaogopa chakula. Hiyo mionzi inaumiza?

BintiMenengai (Nakuru)

Haiumizi mama, na unisamehe nilipaswa kusema mapema. Mwili wa mtu mzima wenyewe una potasiamu hiyo hiyo, na ndani yake viini zaidi ya 4,000 vinaoza kila sekunde, tangu enzi za mababu. Ukila ndizi, mwili unachukua potasiamu unayoihitaji na kuitoa iliyozidi. Uza ndizi zako kwa amani.

MamaNdizi (Kisii)

Asante. Basi hata mimi nilivyokaa hapa kwenye mkeka natupa dadu 4,000 kwa sekunde. Nimeipenda hiyo.

MkulimaKitale

Binti, nimeheshimu maneno yako lakini sijaridhika. Kusema "hakuna jiwe" na kusema "hatujaliona jiwe" ni vitu viwili. Umejuaje?

BintiMenengai (Nakuru)

Hilo ndilo swali lenyewe, na Einstein alikuwa upande wako. Fuata polepole.

Mtu yuko Kericho na jozi moja ya akala. Anazitia gizani kwenye mifuko miwili, mmoja anautuma kwangu Nakuru, mwingine kwa Fundi Kisumu. Nikifungua nikakuta ya kushoto, najua papo hapo Fundi anayo ya kulia. Hakuna ajabu, zilikuwa hivyo tangu Kericho. Mwaka 1935 Einstein, Podolsky na Rosen walidai kwamba chembe mbili zilizofungamana, yaani zilizounganishwa hata vipimo vyao vinaendana zikiwa mbali, lazima ziwe kama hizo akala: majibu yalipangwa tangu zilipoachana, ila nadharia ya kwantamu haiyaoni. Hilo ndilo jiwe lako.

Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell, mzaliwa wa Belfast, aligundua kwamba jambo hilo linapimika. Nitatumia mchezo ambao watu waliutunga baadaye kutokana na wazo lake. Mimi niko Nakuru, Fundi yuko Kisumu, hatuna simu. Kila mmoja wetu anarushiwa shilingi yake. Kila mmoja akishaiona, anajibu ndiyo au la. Tunashinda majibu yakifanana. Isipokuwa sote wawili tukitokewa na ngao, hapo tunashinda yakitofautiana. Kabla ya kuachana tunaruhusiwa kula njama usiku kucha, tukaandika mpango wowote tunaotaka na kuutia mfukoni. Huo mpango wa mfukoni ndio jiwe. Jaribu kwa karatasi, Mkulima, pangeni na watoto vyovyote: hampiti mara 75 kwa 100. Mkisema ndiyo siku zote mnapoteza ngao kwa ngao tu, na hakuna njama bora kuliko hiyo.

Sasa tupe chembe mbili zilizofungamana, kila mmoja apime yake kwa pembe inayotegemea sarafu yake. Tunashinda karibu mara 85 kwa 100.

Wamepima. John Clauser mwaka 1972, Alain Aspect mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, kwa umbali wa kilomita 1.3 bila mianya iliyokuwa ikilalamikiwa. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Nobel mwaka 2022. Mpango wa mfukoni hauwezi kufikisha 85. Kwa hiyo ama hakuna mpango, ama mifuko inasemezana kwa kasi kuliko mwanga. Mimi nachagua la kwanza, nikijua wapo wanaochagua la pili.

MkulimaKitale

Nimejaribu na wanangu wawili, mmoja jikoni mmoja kwa zizi, raundi 60. Tumeshinda 44. Narudia kesho.

MzeeWebuye

Watoto wangu, nimewafuata. Mimi ni mzee wa kanisa. Mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda walipiga kura, ikampata Mathia. Hawakuiona kura kama kitu kisicho na mwenyewe. Sasa binti, hizo sarafu zenu mbili za kuamua swali, kwa nini nazo zisiwe zimeandikwa? Kama swali na jibu vyote vimeandikwa na mkono mmoja, basi 85 yako si ajabu.

BintiMenengai (Nakuru)

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa mlango pekee ambao hakuna jaribio linaloweza kuufunga kabisa, na wanafizikia wanaujua. Walichoweza ni kuusukuma nyuma. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya jaribio ambapo badala ya sarafu walitumia mwanga wa kwasa mbili, magimba yaliyo mbali kupita kiasi, kwa darubini zilizoko kisiwa cha La Palma. Rangi ya mwanga uliofika ndiyo iliyochagua swali. Mwanga mmoja ulianza safari miaka bilioni 7.8 iliyopita, mwingine bilioni 12.2. Matokeo hayakubadilika. Kwa hiyo kama maswali na majibu yaliandikwa pamoja, yaliandikwa kabla dunia hii haijakuwepo.

MzeeWebuye

Marahaba. Huko ndiko ninakoamini yaliandikwa. Endeleeni, nawasikiliza.

FundiKondele (Kisumu)

Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa kazini na jambo hili. Nawaletea.

Kwanza Mwalimu: tuliiomba mashine sarafu 100. Mfululizo mrefu zaidi ulikuwa 4. Tukarudia mara tatu, haikupita hapo. Iko upande wa wanafunzi wako wanaobuni. Mpwa wangu alisema, "Inaogopa kama sisi," na sijapata neno bora.

Sasa redio. Niliweka maikrofoni mbele ya spika, nikaiunganisha na kompyuta ya zamani ya mteja aliyeniachia kama malipo. Kila baada ya kitambo kidogo programu inapima ile shwaaa: ikiwa juu ya wastani inaandika 1, ikiwa chini inaandika 0. Usiku wa kwanza nilifurahi bure. Nilipozichora nikaona mawimbi yanarudi rudi, na nilipohesabu nikakuta mara 50 kwa sekunde. Ulikuwa mngurumo wa stima ya ukutani. Shamba la mahindi, Mwalimu, na nilikuwa nimesimama penye pembe yake. Nikaing'oa waya, nikatia betri kubwa sita, nikaipeleka redio mbali na taa. Mawimbi yakaisha.

Bado 1 zilizidi 0 kidogo. Hapo nikatumia ujanja wa mwanahisabati John von Neumann, na naomba kila mmoja ausome mara mbili maana ni mzuri mno. Zichukue mbili mbili. Ukipata 00 au 11, tupa. Ukipata 01 andika 0, ukipata 10 andika 1. Sarafu iliyopinda inaweza kupenda twiga kuliko ngao, lakini twiga-kisha-ngao na ngao-kisha-twiga zina uzito sawa daima, mradi mrusho mmoja haumfuati mwenzake. Unapoteza robo tatu ya ulichokusanya. Robo inayobaki imenyooka.

Nikachukua modeli ndogo ya lugha, yaani mashine ya kuandika kama ile ya mpwa, zile zinazoruhusiwa kupakuliwa bure, nikabadilisha mahali inapotupa dadu. Badala ya mbegu, inasoma kutoka faili la redio. Nikaiambia itunge sentensi kumi kuhusu ziwa kwa mbegu, na kumi kwa redio. Nikazichapisha, nikazichanganya, nikampa mpwa azitenganishe. Alishindwa. Nami nilishindwa. Hata tulipojua zipi ni zipi tulizisoma tena tukitafuta dalili, hamna.

Halafu akasema, "Mjomba, rudisha ya tatu ya mbegu." Nikaandika mbegu ile ile, ikaja ile ile, hadi nukta yake. "Sasa rudisha ya tatu ya redio." Nilikuwa nimeshalifuta faili ili kupata nafasi. Karatasi ile aliyoshika ndiyo iliyobaki, na hakuna mtu, wala mashine, wala Laplace mwenyewe akiwa na kompyuta yangu yote mkononi, atakayeifanya itoke tena. Kijana aliikunja akaitia kwenye daftari lake la fizikia.

Ndipo nikapata kitu kilichonigusa. Alan Turing, aliyeuliza mwaka 1950 kama mashine zinaweza kufikiri, alihimiza kompyuta ya Manchester, iliyotoka mwaka 1951, iwekewe amri ya kutoa namba za bahati kutoka kelele za umeme. Si kwa hesabu. Kwa kelele. Alitaka mashine iwe na shwaaa yake.

BintiMenengai (Nakuru)

Fundi, nina furaha hata sijui niseme nini. Ila niulize kama mwanafizikia: shwaaa ya redio yako inatoka wapi? Nyingine ni joto ndani ya vipuri vyako, na nyingine, kwa masafa ya kati hasa, ni radi za mbali. Hizo radi ni bao la Mwalimu, si ndizi. Kwa hiyo bado hujampa mashine bahati ya mwisho.

FundiKondele (Kisumu)

Kweli. Natafuta kipima mionzi cha bei nafuu. MamaNdizi, nikikipata nitakuja mwenyewe Daraja Mbili nichukue mkungu.

MamaNdizi (Kisii)

Njoo Alhamisi, mzigo unaingia mapema. Huo mkungu wa kwanza ni zawadi.

MvuviDunga (Kisumu)

Fundi, uko macho? Niko kwa mtumbwi karibu na ufuo, tumeghairi kuingia. Imemulika upande wa Homa Bay sasa hivi, kubwa. Redio yako imesema nini?

FundiKondele (Kisumu)

Niko macho, betri ziko ndani. Imekwaruza mara moja kwa nguvu, krrrk. Jozi imetoka 0 na 1. Nimeandika 0.

MvuviDunga (Kisumu)

Ngoja. Nyingine inakuja.